Jina Nililolitaja Hekaluni

Mimi sikwenda kwa Mabaniani kutafuta dini. Dini ninayo, alhamdulillahi, na ukitaka kunigombeza, ningoje nimalize kwanza. Nilikwenda kwa sababu mwanangu alikuwa anakufa.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Daktari alituchorea moyo wake kwenye karatasi, akasema mlango mmoja haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Dawa yake ni kupasuliwa, na kwenye kupasuliwa kuna foleni. Basi tukangoja. Akawa analala ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi zinamkatika. Miguu ikamvimba. "Mama, hebu tazama," akaniambia siku moja, "hatimaye na mimi nimenona. Sasa wachumba watapanga mstari." Nikacheka naye, kisha nikaenda chooni nikajifungia, nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Dua zilisomwa. Kombe alikunywa, zile aya za zafarani zinazooshwa kwa maji. Mganga mmoja wa upande wa Kikoneni alikula kuku wetu wawili, akasema ni jini wa baharini, na sisi bahari tunaiona kwa nadra. Mfa maji haachi kutapatapa.

Siku hizo nilikuwa nikipika kwa mjane mmoja wa Kihindi, Diani. Akanikuta ninalia juu ya unga wa chapati. Akaniambia wana hekalu lao dogo kule mashambani, kando ya mto, wazee wao walilijenga zamani za mashamba ya miwa, na kuhani bado yupo. "Mpelekee nazi," akasema. "Mwambie akuombee mtoto."

Nilikataa kwa mdomo. Moyoni nilikwisha kwenda. Siku yangu ya mapumziko nikanunua nazi sokoni, mimi, Mdigo mwenye minazi nyumbani! Lakini ningeangua ya kwetu, mama mkwe angeuliza inakwenda wapi. Wa bodaboda nikamwambia ananipeleka kununua miwa. Aliponishusha nikateremka kwa miguu mpaka mtoni, nimejifunika uso, kwa sababu ng'ambo kulikuwa na wanawake wanafua na mmoja alikuwa akinitazama sana.

Hekalu lenyewe lilikuwa jeupe, kuta zimeota ukungu wa kijani, na ngazi za saruji zinazoshuka hadi kwenye maji. Kuhani alikuwa mzee mwembamba, kajifunga shuka nyeupe. Shikamoo ikanitoka yenyewe. Akaitikia marahaba, akacheka kidogo, akanionyesha pa kuvua viatu. Nilitarajia kuogopa masanamu. Kilichonitisha ni harufu: ulikuwa ubani, ule ule tunaoufukiza sisi nyumbani usiku wa kuamkia Ijumaa.

Nikamweleza shida yangu. Akaipokea nazi kwa mikono miwili, akaiweka kwenye sinia, akawasha taa. Halafu akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Jina ya mtoto? Na jina ya mama?"

Loo! Sisi huku tumelelewa tukijua ni nani anayeuliza jina lako na la mamako. Ni mganga huyo. Ukishampa hayo mawili umempa mtu mzima mkononi, akitaka amponye, akitaka ammalize. Marehemu mama yangu hata wageni hakuwa akiwatajia majina yetu. Nikataja jina la kwanza lililonijia kinywani, na la mamake pia nikalitunga hapo hapo.

Akanirudisha nilitamke tena. Akalirudia mara tatu, polepole, asije akalikosea. Kisha akafumba macho, akaanza kuomba kwa lugha yao, na katikati ya maneno nisiyoyajua nikawa nikilisikia lile jina la uongo likipita, kwa sauti ya mtu anayeomba kweli. Mishipa ya shingo ilimsimama. Akapiga kengele. Nilitaka kusema, ngoja baba, nimekosea. Lakini unamwambiaje mtu anayekuombea kwamba ulimdhania mchawi? Aibu ikanifunga mdomo. Alipomaliza akanipa nusu ya nazi na sukari kidogo, akasema, "Kila siku mimi taombea yeye."

Mwanangu alifariki wiki ya tatu baada ya hapo, wodini Msambweni, asubuhi, ameketi vile vile, mkono wake juu ya goti langu. Zamu yetu kwenye foleni ilikuwa haijafika. Tulimzika kabla ya alasiri. Kaburini wakamsomea talkini, wakamwita kwa jina lake na jina langu mimi mamake, bila kukosea hata herufi.

Usinieleze kwamba ajali haina kinga. Najua. Najua pia kwamba Mwenyezi Mungu hadanganywi kwa majina, na kwamba hata ningetaja la kweli siku yake ilikuwa imeandikwa. Nayajua yote hayo na hayanisaidii chochote. Nikilala naona mzee wa watu anasimama alfajiri, anawasha taa, anambembeleza Mungu wake kwa ajili ya mtoto ambaye hakuna aliyemzaa, na wangu yuko kitandani anatafuta pumzi. Mimi ndiye niliyempoteza njia. Mimi, kwa ujanja wangu.

Miezi ilipita. Nilikuwa Ukunda sokoni, nachagua vitunguu, nikasikia mtu ananiita, "Mama, mama!" Ni yule kuhani, na kikapu chake, uso umemchangamka. Akalitaja lile jina. Hakuwa amelisahau. Akauliza, "Yeye nzuri sasa? Kila siku mimi naombea, hata moja hapana kosa."

Nikavirudisha vitunguu kwenye fungu. Nilikuwa na ukweli mdomoni, wallahi, nilikuwa nao.

"Hajambo," nikasema. "Amepona. Amerudi shule."

Akaunganisha viganja kifuani, akatazama juu, macho yamemjaa machozi. Alipogeuka kwenda zake nikamshika mkono, mimi ambaye siwashiki wanaume wasio wangu.

"Usiache kumuombea, baba," nikamwambia.