Mume Wangu Amegawa Ng'ombe wa Uzee Wetu kwa Mdomo Wake

Admin, nifichie jina na shule ninayofundisha, maana huku kwetu ukitaja shule tu watu wanajua ni nani. Wakubwa zangu humu shikamooni, wengine habari za leo. Mimi ni mama wa miaka 58, mwalimu wa shule ya msingi huku Nambis, wilaya ya Mbulu. Nimebakiza muda mfupi nistaafu. Mume wangu ana miaka 67, ni mkulima na mzee wa kanisa. Naandika huku nalia, mnisamehe nikiruka maneno.

Ofisini kwetu siku hizi hakuna mazungumzo mengine ila kikokotoo, ile hesabu mpya ya mafao ya kustaafu. Kila mwalimu wa umri wangu anapangia kiinua mgongo ambacho hajakiona. Wenzangu walijiandaa kila mtu kwa namna yake. Mmoja alinunua viwanja Katesh, mwingine akafungua duka la pembejeo, mwingine akaingiza hela kwenye biashara za kwenye simu, na wale waliokuwa wanamwita bosi hawapokei tena simu zake. Kusema kweli nilikuwa nawacheka moyoni. Mimi nilikuwa na ng'ombe.

Kwa wasiojua mambo yetu, huku mtu hafugi mifugo yake yote nyumbani. Unamkabidhi rafiki wa mbali akutunzie. Yeye anakunywa maziwa, anapata samadi, na baada ya muda unampa ndama wa asante. Ugonjwa ukipita kwenu, wa kule wanabaki. Na jambo hili ni siri. Mtunzaji hamtaji mwenye mali kwa mtu yeyote, wala mwenye mali hasemi anao wangapi, hata kwa mkewe. Kila nilipopata mkopo wa mshahara au hela ya likizo nilimpa mume wangu, naye akanunua mtamba akampeleka Balangdalalu kwa rafiki yake wa tangu ujana, nitamwita Baba Elia. Nikiuliza wamefika wangapi ananiambia, "Mama, we fundisha. Siku ukirudisha chaki utawaona." Nilimwamini, na alistahili kuaminiwa.

Mwaka juzi akaanza kusahau. Kwanza majina ya watu, baadaye njia ya shambani, halafu siku moja akanisalimia mimi mkewe kama mgeni na kuniuliza namtafuta nani. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau na utaendelea. Nimeuficha. Kanisani nasema ana presha, kwa ndugu zake nasema kifua. Huyu ni mtu aliyekuwa anasuluhisha ugomvi wa mipaka kijijini, akiongea watu wananyamaza. Siwezi kuvumilia watoto wamcheke njiani.

Nikaona niende kwa Baba Elia mwenyewe kabla mambo hayajaharibika zaidi. Nilimwamkia, akanikaribisha vizuri, nikamwomba anionyeshe ng'ombe wetu. Akainamisha kichwa.

"Mwalimu, siwezi kukukatalia wala kukukubalia. Mwenzangu aliniambia hata aje nani, nisiseme kitu mpaka aje yeye. Mlete."

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anatunza neno ambalo mwenye kulisema ameshalisahau.

Nikampeleka. Siku hiyo aliamka vizuri, akavaa koti lake la kanisani mwenyewe, nikapata matumaini. Baba Elia alimkumbatia hadi machozi yakamtoka. Vijana wake wawili walikuwepo, wakawatoa ng'ombe zizini, wazuri, wamenenepa. Baba Elia akamwambia, "Mwenzangu, hawa hapa. Mwambie mama ni wa nani."

Mume wangu akawatazama kwa furaha, akampa Baba Elia mkono. "Ni wako. Hongera, umefuga vizuri."

Nikamwambia, "Baba, hawa ni wetu, ni wa mshahara wangu." Akanigeukia, akanikanya kwa upole mbele ya wote: "Mama, usitamani mali ya mtu."

Baba Elia alitaka kusema kitu, ila kijana wake mkubwa akamwahi. "Baba, amesema mwenyewe, tumesikia wote. Kama mama anataka kusema mzee hayuko sawa, aende baraza la kata kwao akaseme hivyo, mzee aulizwe maswali mbele ya watu. Ikionekana ni kweli, tutawatoa." Baba Elia alitusindikiza hadi barabarani. "Mwalimu, ukweli naujua na nitausema popote," akaniambia. "Lakini boma hili siku hizi ni la vijana. Bila kata hawatawaachia."

Tukiwa njiani kurudi, mume wangu alinishika mkono. "Yule mzee amejipanga," akasema. "Na sisi tungetafuta hata mmoja, Mama. Uzee unakuja." Niligeuza uso nikalia kimyakimya hadi tulipofika.

Sasa ndugu zangu, nimechoka kuwaza peke yangu. Bila wale ng'ombe tunabaki na pensheni tu, na kuna dawa zake, chakula, na mtu wa kukaa naye nikiwa shuleni. Watoto wetu wana familia zao na hali ngumu wanaijua wenyewe. Najiona mjinga niliyemaliza maisha yangu nikiwafundisha watoto wa watu kuhesabu, halafu mali yangu mwenyewe sikuwahi kuihesabu. Lakini nikienda kata, watamkalisha kwenye benchi mbele ya watu wale wale aliowasuluhisha, wamwulize leo ni siku gani, watoto wake ni akina nani, mkewe anaitwa nani.

Mliowahi kuuguza mtu wa namna hii, nishaurini bila kunitukana. Ninyamaze tuzeeke mikono mitupu heshima yake ikiwepo? Au niende, nikae pale mbele yake, nikimwomba Mungu mume wangu ashindwe kutaja jina langu?