Foto Yenye Jina la Mama Mwingine

Mashine ya ekografia, ile ya kupiga picha ya mtoto tumboni, ya kituo chetu cha afya hapa Baraka ilifika ikiwa imezeeka tayari, na maandishi yake ni ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Muuguzi wa kwanza kufundishwa alifaulu kuingiza jina la mgonjwa wake wa kwanza. Kulifuta kukamshinda. Alipohamishwa, waliomfuata waliogopa kugusa vitufe wasije wakaizima moja kwa moja. Basi kila mwanamke aliyepimwa alirudi nyumbani na foto yenye jina la yule mama, na tarehe ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado shule ya msingi, kwa sababu kila mara jenereta ilipozimwa saa ya mashine ilirudi nyuma.

Hatukuona ajabu. Muuguzi aliandika jina la kweli kwa kalamu ya bic nyuma ya foto, yakaisha. Sokoni tulicheka kwamba yule mama amebeba mimba za mji mzima na hajachoka.

Mume wangu alikuwa kule Lulimba anachimba dhahabu. Aliondoka kabla sijajua kuwa nina mimba, ya kwanza. Foto zile ni mambo ya wanawake, kwa hiyo hakuwahi kuona hata moja. Nilipopimwa, kwa haraka ya furaha nikapiga picha ya upande wa mbele tu wa foto yangu, nikamtumia kwa telefone. Siku mbili baadaye alipanda mahali penye mtandao, akanitumia sauti.

“Hii foto ni ya muke ya nani? Jina haiko yako. Na ule mwaka tulikuwa bado batoto. Unanidanganya ili nirudi.”

Nilimweleza habari za mashine. Nikampigia picha ya nyuma pia.

“Kwa bic kila mutu anaweza kuandika,” akajibu. “Mashine haina sababu ya kudanganya. Rudia kwenu Nundu, nitakuja kuangalia mi mwenyewe.”

Sikulia. Nilifunga vitenge vyangu vitatu na sufuria niliyopewa na mama yangu, nikakaa juu ya kitanda. Nilijua nikifika Nundu na tumbo lile, hakuna atakayeniuliza habari za saa wala vitufe; wataona tu mke aliyefukuzwa na mimba. Hata hivyo nilichohisi zaidi ni usingizi.

Mama mkwe wangu, ambaye tulikaa naye ua mmoja, alinikuta hapo. Nikamsikilizisha ile sauti. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua mpaka ikaisha.

“Huyu mutoto niliyemuzaa iko na akili kweli?” akasema. Akaweka ungo chini, akatoka.

Alizunguka mtaa mzima. Wanawake wa pale huhifadhi foto hizo ndani ya Biblia au pamoja na karatasi za ubatizo, na kila mmoja alimpa yake, hata jirani zetu Warundi ambao alikuwa hajawasemesha tangu mbuzi wao walipokula mihogo yake. Akazipanga juu ya mkeka, kumi na moja, jina moja, mwaka mmoja. Mtoto mdogo kuliko wote wa foto zile alikuwa ameshaota meno, amebebwa mgongoni mwa mama yake anatuangalia. Nikapiga picha. Mama mkwe akachukua telefone akasema ndani yake:

“Hao bamama bote beko na hiyo jina. Au bote banakudanganya? Muke yako haendi fasi yoyote, anabaki hapa.”

Jioni mume wangu akapiga simu mwenyewe. Akasema sasa ameamini, akasema nimsamehe, akasema atanunua nguo za mtoto. Nikasema asante. Nilisubiri furaha ije, nikaona haiji. Aliamini mashine, halafu akaamini karatasi za majirani. Neno langu halikuwa mahali popote katika hesabu yake, na kwa sauti yake nilisikia kwamba hajui kama kuna kitu kimepotea. Nilifungua vitenge, nikavirudisha kwenye sanduku.

Alikuja mwezi uliofuata na nguo nzuri, za manjano. Nilimpokea begi, nikamwekea maji ya kuoga na ugali na sombe ya majani ya mihogo. Alipomaliza kula aliomba kuweka mkono juu ya tumbo. Nilijilaza, nikapandisha blauzi, nikaangalia mabati mpaka amalize, kama unavyomwachia mganga wa kituo apime.