Chuchu ya Mpira ya Teresa

Akot Joska alikuwa mwanamke wa sauti. Akicheka bombani, kambi nzima ya polisi ya Nsambya, Kampala, ilijua yuko wapi. Mumewe Ogwal, konstebo mpole, mtu wa kabila la Lango kama yeye, alizoea kumtania: "Mama Alum, punguza redio hiyo." Sasa sikiliza sauti ile ilivyozimwa.

Mwaka ule, chini ya utawala wa kijeshi, askari wa Lango na Acholi walikuwa wanaitwa ofisini na hawarudi. Wengine walitupwa kwenye buti za magari mchana kweupe, na ukiuliza unaambiwa ufunge mdomo. Ogwal aliona siku yake inakuja. Asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, akamwambia mkewe, "Nikichelewa, usikae hapa. Nenda kwa Teresa. Nitawafuata huko huko."

Akachelewa.

Teresa Nabwire alikuwa Mkenya, rafiki wa kanisani, mke wa Ogutu wa reli. Walikaa kwenye nyumba za reli, karibu na kambi. Alimpokea Joska na kichanga chake Alum bila swali. Shida ilikuwa moja: Teresa hakujaliwa mtoto, na mtaa wote ulijua. Halafu jirani wa ukuta wa pili alikuwa dereva wa hao hao wenye magari ya kukamatia watu. Mtoto akilia kwa Teresa, jamani, nani asingeuliza ni wa nani?

Teresa akafungua sanduku lake, akapekua mpaka chini ya vitenge, akatoa chuchu ya mpira, ya kumtulizia mtoto. Aliinunua zamani, maduka yalipokuwa na vitu, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuja. Akaichemsha, akampa Alum. Alum akanyamaza papo hapo. Teresa akageukia ukutani, akajifuta machozi.

Basi ikawa chuchu asubuhi, chuchu mchana. Mtoto akifumbua macho tu, kabla hajapata hata nafasi ya kulalamika, mpira mdomoni. Akilala nao, hawamwamshi anyonye. "Mtoto gani huyu mtulivu hivi!" Teresa alinong'ona, na Joska akafurahi. Maskini, walifurahia njaa bila kujua. Siku zilivyokwenda, matiti ya Joska yakalegea, gauni likaacha kulowa. Alum akishikishwa titi anavuta, hapati, anakunja uso kutaka kulia, na wao haraka wanarudisha mpira. Mikono ikawa vijiti. Na maziwa ya kopo, nani alikuwa ameyaona Kampala siku hizo?

Joska mwenyewe alikuwa hajalia. Aliona kumlilia mtu ambaye maiti yake haijaonekana ni kumzika akiwa hai. Kila kishindo cha viatu nje, moyo ulimruka: ni yeye. Haikuwa yeye.

Teresa akaenda kwa Maimunah, mkunga mzee wa Wandegeya, akauliza kama anauliza habari za mtu mwingine. Maimunah akamkatisha. "Mwanangu, maziwa yanaletwa na mtoto. Akinyonya mpira, titi linajua halina kazi. Itupeni hiyo takataka. Anyonye kila akitaka, na akilia, mwacheni alie. Maziwa yatarudi."

Mwacheni alie! Joska aliposikia, alikaa kitandani. Alum hawezi kulia Nsambya. Ili alie, lazima waondoke, waende ng'ambo ya mpaka, kwa mama yake Teresa huko Busia, Kenya. Na wakiondoka, Ogwal atawakuta wapi? Yeye ndiye aliyesema, huko huko.

"Dada, akija?" Joska aliuliza.

"Nitamwambia mlikokwenda."

"Akija na njaa?"

"Nitampikia, Mama Alum. Ondoka, mtoto anakwisha."

Hawakuangaliana machoni. Ogutu aliwapandisha treni ya asubuhi. Askari walipita behewani wakipekua mizigo ya watu, Alum ametulia na mpira wake, na mmoja akasema, "Mama, mtoto wako ana adabu." Joska akaitikia, "Ndiyo, afande."

Askari waliposhuka, treni ikaiacha stesheni na nyumba za mwisho zikapita, Joska alichomoa ile chuchu, akaitupa nje ya dirisha. Alum akashangaa kidogo. Kisha akalia, kilio kikavu, cha hasira, behewa zima likageuka. Joska akampa titi. Mtoto akavuta, akaachia, akalia, akavuta tena.

Hapo na mama mtu akafungua mdomo. Sauti ile ya bombani ikatoka yote, akilia kwa Kilango, akimwita mumewe kwa jina. Abiria mmoja, mama mtu mzima, akamshika bega. "Nyamaza, binti yangu, mtoto atapona."

"Najua atapona," Joska akasema. "Namlilia baba yake."