Ndoo za Alfajiri kwenye Mipapai Yangu

Mpaka leo nikikutana na mtu wa Kipatimu sokoni najifanya natafuta kitu kwenye mkoba, maana aibu niliyoipata shambani kwangu hapa Tingi niliipika mwenyewe, nikaipakua, nikaila mbele za watu.

Mipapai yangu niliitandikia mipira ya matone, ile yenye vitundu, maji yanadondokea shinani tu, hayapotei, na mwaka wa kwanza nilijisifu kijiji kizima. Sasa, chujio lake lilitaka kuoshwa kila mara kwa sababu kisima chetu kina tope, mimi nikachoka, nikalitoa (nikajiambia, maji si maji?). Haukupita muda vitundu vikaziba, mipapai ikaanza kunyauka, na hapo hapo bwana shamba akapiga simu: "Mama Zuhura, kesho nakuletea wakulima wa Kipatimu wajifunze kwako."

Ningesema ukweli ningepona. Nikasema, "Karibuni sana."

Basi baada ya sala ya alfajiri mimi na mume wangu Saidi tukawa mbio na ndoo, shina kwa shina, mgongo unawaka, yeye ananung'unika, "Mke wangu, watu hawa watajua," namwambia beba, Saidi, beba!

Wageni wakafika, wakakuta ardhi imelowa vizuri, wakasifu, nami nikaanza kueleza kama mtaalamu, huku siwezi kusimama pahali pamoja, naomba tu waondoke. Mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe akachuchumaa, akaushika mpira.

"Mwanangu, mbona ardhi imelowa na mpira mkavu?"

"Shikamoo, mzee," nikasema (na nilikwisha kumwamkia mara mbili!).

"Marahaba. Hebu tufungulie tuone."

Nikafungua koki, hata tone. Kwa kiwewe nikamwambia Saidi aunge pampu ya kisima moja kwa moja kwenye mipira, akaiwasha, mipira ikavimba kama chatu aliyemeza mbuzi, kiungo kikafyatuka, na maji ya tope yakampiga yule mzee kuanzia kofia mpaka magotini.

Akajifuta macho taratibu. "Kumbe ndiyo matone yenyewe haya?"

Walicheka, jamani, mpaka bwana shamba akageukia pembeni mabega yakimtikisika. Aliyeniumiza ni mama mmoja ambaye hakucheka. Alikuwa akiandika kila neno langu, akafunga daftari. "Sisi tulitaka kuuza mbuzi wetu tununue mipira hii," akasema. "Bora tubaki na ndoo."

Hapo ndipo nikapasuka, nikasema yote, chujio, tope, ndoo za alfajiri, mipira haina kosa, kosa ni langu!

Yule mama akanitazama. "Mwanzo ulisema vile, sasa unasema hivi. Tushike lipi?"

Wakapanda gari, wakarudi kwao milimani, na nasikia mpaka sasa bado wanabeba ndoo.

Nimekoma. Siku hizi akija mgeni kuniuliza habari za mipira, kabla hajanywa hata maji nampeleka kwanza kwenye mipapai niliyoiua.