Sahihi Aliyoninyima Mzee Simiyu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika kazi yangu, mwanangu, ni Alhamisi moja ya mvua, nilipokuwa naibu wa chifu pembeni mwa mji wa Kitale. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilitoka kwetu Bungoma na vyeti vyangu, sare mpya iliyopigwa pasi, na fikira kwamba serikali ni mimi. Usicheke. Ukikabidhiwa muhuri mapema, hata wewe utajiona umeongezeka kimo.

Wakati huo kijana aliyetaka kitambulisho alipitia kwangu kwanza. Mimi niliuliza maswali, mzee wa kijiji akathibitisha kwamba anamjua, tukatia sahihi wote wawili, ndipo fomu ikapelekwa mjini. Mzee wangu alikuwa Simiyu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha karatasi kule Webuye kabla ya kununua shamba dogo upande wetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na koti moja la kahawia. Ingawa alikuwa na umri wa baba yangu, aliniita "Naibu" kwa heshima, kila siku.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja Mturkana kutoka mabanda ya upande wa Kipsongo, Mama Akai. Binti yake, Akai, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka kitambulisho, au angalau ile karatasi unayopewa ukingojea kitambulisho, kabla ya Jumatatu. Walipokuja mara ya kwanza nilitaka cheti cha kuzaliwa cha mama. Wakaleta. Mara ya pili nikataka cha baba. Wakaleta. Mara ya tatu, Alhamisi hiyo, nikadai karatasi za babu.

"Mama chifu," alisema kwa upole, viatu vyake vimejaa matope, "babu yake alikufa kabla serikali haijajua jina lake. Hizo karatasi nitazitoa wapi?"

"Rudini wiki ijayo," nikamjibu bila hata kuinua macho.

Kwa umri huu sina haja ya kujipamba, kwa hivyo nakwambia ukweli. Hakuna aliyeniagiza kudai karatasi za babu. Nilisikia lafudhi yao, nikaona si watu wetu, basi. Waliozungumza kama mimi sikuwahi kuwauliza habari za babu zao.

Hawajafika hata barabarani, akaingia mtoto wa shangazi yangu, ameshuka asubuhi hiyo kutoka Bungoma. Kwao aliona foleni ni ndefu, akaamua kuja kwa dada yake. Hakuwahi kuishi eneo langu hata siku moja. Nikamjazia fomu mwenyewe, huku tunacheka, nikapiga muhuri, nikamsogezea Mzee Simiyu.

Mzee aliisoma yote, polepole. Akafunika kalamu yake, akaitia mfukoni.

"Hii sitatia sahihi," akasema.

"Mzee, huyu ni ndugu yangu."

"Ndugu yako, lakini mimi simjui. Yule msichana namjua tangu akibebwa mgongoni. Umemrudisha ninayemjua, halafu unataka nimshuhudie nisiyemjua?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka kututazama. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia kwamba kufikia kesho yake ningekuwa nimepata mzee mwingine wa kijiji.

"Tafuta, binti yangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Lakini wale wawili waziri hawatamwona, wala rais. Serikali watakayoijua maisha yao yote ni hii meza yako. Wakionewa hapa, unataka waipende nchi kwa sababu gani?"

Akainuka, akaenda kuketi kwenye benchi pamoja na wale wengine.

Nilijifanya kupanga mafaili. Kisha nikatoka mvuani na sare yangu, nikawakimbilia, nikawakuta wamejikinga kwenye kinu cha kusagia unga wa posho. Nikawarudisha ofisini na kusema mbele ya wote, "Nimewakosea. Karatasi za babu hazihitajiki, na hazikuhitajika." Mzee alitoa kalamu, akatia sahihi. Fomu ile niliipeleka mjini mwenyewe kwa bodaboda, na Ijumaa jioni Akai alikuwa na karatasi yake. Mtoto wa shangazi nilimwambia akapange foleni kwao.

Shangazi alininunia miaka miwili. Kwenye harusi ya mdogo wangu aliwasalimia wote kwa mkono, akaniruka mimi. Iliniuma, siwezi kukuficha.

Lakini sikiliza kilichofuata. Habari ya siku ile ilitembea kuliko tangazo lolote nililowahi kubandika. Waturkana, Wabukusu, Wasabaoti, wakulima waliotoka Mlima Kenya, wote wakaanza kuniletea kesi zao bila kuuliza mimi ni wa nani. Kisha ukaja uchaguzi mmoja na uvumi wake wa mapigano ya makabila. Maeneo jirani watu walifungasha vitu. Kwetu walikuja ofisini, jirani na jirani yake, wakaketi pamoja: "Naibu, tuambie ukweli ni upi." Nyumba haikuguswa hata moja. Nimestaafu, nimekaa kwangu hapa Bungoma, na hilo najivunia kuliko cheo chochote. Na Akai ni muuguzi kule Endebess. Waliozaliwa mikononi mwake ni wa makabila yote.

Mwanangu, nawe ukipewa ofisi, kabla hujamuuliza mtu swali, jiulize kama ungemuuliza mtoto wa shangazi yako. Haraka uliyo nayo kwa watu wako, iwe hiyo hiyo kwa watu wa mwenzako. Ukikosea, kiri mbele ya waliokuona ukikosea, wala usimfukuze anayekukataza. Watu watavumilia barabara mbovu na dawa zilizochelewa, mradi wajue kwamba mlangoni kwako wote wanapimwa sawa. Wakikosa hilo, hata ukiwajengea maghorofa hawatakuamini.

Mungu akupe macho ya kumwona kila anayesimama mbele yako. Akupe moyo wa kuvumilia ndugu watakaokununia. Na popote watakapokutuma kuwatumikia watu, wafurahi kwamba ni wewe uliyeletwa. Nenda salama.