Kaza Mgongo, Legeza Mdomo

Dobi yule walimwita Chemsha, maana hakuna doa aliloliogopa mradi jiko linawaka. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, ila sufuria lake lilinguruma kutwa. Doa la yai tu ndilo lililomkaa kooni. Mama mwenye hoteli alikuwa ameshasema: likionekana tena kwenye vitambaa vyake vya meza, atatafuta dobi mwingine. Bila hoteli ile, Chemsha angebaki dobi wa soksi.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa maabara akiunda vimeng'enya vya kutafuna uchafu, ndugu wa vile vya tumboni vinavyosaga chakula. Akamletea unga wa vimeng'enya hivyo ajaribu, akamsisitizia maji yawe vuguvugu. Chemsha akaitikia, kisha akachemsha. Doa likabaki likimkodolea macho.

"Shemeji, kitu chako kibogoyo."

Shemeji akacheka. Akamweleza kwamba kimeng'enya ni kama uzi uliokunjwa kwa ustadi hadi ukapata mdomo. Moto ukizidi, mikunjo inafumuka na mdomo unapotea. Halafu akauliza polepole, "Na yai likichemshwa linakuwaje?"

"Linaiva."

Chemsha akageuka kulitazama sufuria lake. Miaka yote hiyo alikuwa akipika mayai juu ya vitambaa vya watu.

Hata hivyo maji ya moto hakuyaacha. Vuguvugu, alisema, ni la kuogeshea watoto. Shemeji akarudi maabara, akakikaza kimeng'enya kila upande. Safari hii kilistahimili moto, lakini doa halikutikisika. Alikuwa amekikaza hadi mdomo, nao mdomo usiofunguka hautafuni. Chemsha akamkumbuka karani mmoja, mteja wake: alimtilia wanga mwingi kwenye kola hadi karani akawa anageuka mwili mzima kumsalimu jirani. Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Mara ya tatu shemeji alitafuta sehemu zinazolegea kwanza kwenye joto, zilizo mbali na mdomo, akazikaza hizo tu. Mdomo akauacha uchezecheze. Kwenye maji ya moto yasiyotokota, doa likaondoka kama halikuwahi kuzaliwa.

Ikabaki kumwambia mama mwenye hoteli, kazi ngumu kuliko zote. Chemsha alizunguka beseni, mpaka mkewe akamsukuma mlangoni. "Kaza mgongo, baba watoto. Legeza mdomo."

Akaenda, akaweka kitambaa cheupe pee mezani. "Mama, yale mayai nilikuwa nayaivisha mimi."

Mama akakigeuza kitambaa huku na huku, akamtazama, akacheka hadi akafuta machozi. Kisha akamsukumia furushi la vitambaa vya wiki nzima.

"Haya, Mpishi, beba."

Jina la Chemsha likafia hapo.