Karatasi Juu ya Ufa

Ardhi ilipotikisika nilikuwa nimeketi kwenye ngazi nikichambua mchele. Ilikuwa saa kumi alasiri na wapangaji wengi walikuwa sokoni Kalerwe, karibu na nyumba yetu. Sufuria zilianza kugongana, kisha ukuta wa chumba changu ukalia kama gogo linalopasuliwa. Nilishuka mbio na ungo mkononi. Ilipotulia nilirudi juu, nikakuta ufa umeshuka kutoka darini hadi dirishani, upana wa kuingiza ukucha.

Dada yangu, aliyetangulia kutoka Kenya kuja kutafuta kazi Kampala, alikuja kunijulia hali. Yeye alipanga mlimani, juu ya Kabalagala. Akasema kwake vioo vya dirisha vililia kidogo tu, basi. Nilidhani anajisifia nyumba. Redio ilisema tetemeko lilianzia mbali, magharibi, karibu na mpaka. Sasa kama lilitoka mbali hivyo, na sisi wawili tuko mji mmoja, kwa nini lichague ukuta wangu?

Kesho yake asubuhi mwenye nyumba alifika na fundi, saruji na ndoo ya rangi. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Mlango wa choo ulikuwa umeng'oka miezi mitatu, na kila tulipomwambia alikuwa na safari. Leo hakuitwa na mtu, na amefika kabla hatujanywa chai.

"Nyabo, hii ni kitu ndogo," aliniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Nchi ilitingisika kwa watu yote."

Jirani yangu wa chini alikuwa askari polisi kutoka kaskazini, na kabla ya kuvaa sare aliwahi kuwa mwashi. Alisubiri mwenye nyumba aondoke. Plasta ilipokauka alipanda na gundi, akabandika ukanda wa karatasi juu ya mahali palipozibwa.

"Hii itatuambia ukweli, mama. Kama inapasuka, nyumba bado inatembea."

Siku ya nne karatasi ilikuwa imekatika katikati. Mwenye nyumba akasema watoto wa polisi ndio walioichana. Niliona inawezekana, maana walikuwa watundu. Halafu nikaanza kumshuku hata baba yao, kwa kuwa walikuwa wamegombana na mwenye nyumba juu ya bomba la maji, na ufa ungempa njia ya kumkomoa. Basi nikabandika karatasi yangu mwenyewe nyuma ya kabati, nisimwambie mtu. Kila asubuhi nilisogeza kabati na kuchungulia. Wiki ya pili nayo ilipasuka.

Nilimtafuta yule fundi. Nilimkuta Nakivubo, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, akisubiri kibarua. Alitazama kushoto na kulia kabla ya kunijibu.

"Pale chini ilikuwa kinamasi ya mafunjo," alisema. "Walijaza takataka, juu yake wakamwaga murram, ile udongo nyekundu ya barabara. Udongo ya namna hiyo ukiitingisha, inacheza kama uji. Kule mlimani iko mawe."

"Na nguzo, zina vyuma ndani?"

"Nguzo za mbele ziko na vyuma. Wewe unalala upande gani?"

"Nyuma."

"Hama, mama."

Nilirudi nyumbani. Nilimweleza polisi kila kitu, pamoja na jinsi nilivyomdhania vibaya. Alicheka kidogo, akasema na yeye alidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea mwenye nyumba maneno. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tumehama wote wawili.

Chumba changu kilipata mpangaji mara moja, mama mwenye watoto wawili. Nilimwendea nikamweleza kuhusu mafunjo na nguzo za nyuma. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Nani amekutuma?" aliuliza. "Unataka kurudi humu?"

Nikaondoka nimekasirika.

Mvua za masika zilipokuja ardhi ilitikisika tena, safari hii kidogo sana. Mimi kwangu nilidhani ni lori linapita. Ukuta wa nyuma wa nyumba ile uliangukia ndani, mchana, watoto wakiwa wanalala usingizi wa baada ya chakula. Nilikwenda mbio. Matofali yalikuwa yamejaa pale palipokuwa na kitanda changu. Kitanda cha watoto kilikuwa upande wa mlango.

"Sikukuamini," yule mama aliniambia, huku akiwapangusa watoto wake vumbi kichwani. "Lakini jioni ile nilikisogeza."